Gorogoro ya Mama Ivyne

Kama kuna maneno mawili yatakayonitia wazimu kabla sijastaafu, ni haya: kilo mbili.

"Gorogoro hujaa kiasi gani?" niliwauliza Gredi ya Saba Jumatatu asubuhi, nimeinua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, ule ule ambao kila mtu Nairobi hupimiwa nao mahindi na maharagwe.

"Kilo mbili!" darasa zima likanijibu kwa furaha.

"Kilo mbili za nini?"

Ryan, ambaye hajawahi kuogopa kukosea, akasema, "Za gorogoro, Madam."

Sasa hapo utamfundisha mtu nini? Tangu muhula ufunguliwe tumekuwa kwenye vipimo. Nimewachorea ngazi ubaoni, kilomita juu, milimita chini, nikawaonyesha kwamba ukishuka kidato unazidisha kwa kumi na ukipanda unagawanya. Wameinakili kwa kalamu za rangi. Wameiimba. Kisha nikawapa mtihani mdogo, na Ryan huyo huyo akaandika kwamba mlango wa darasa letu una urefu wa mita mia mbili na kumi. Nikamwambia atoke nje akautazame mlango. Akatoka, akautazama, akarudi, akaongeza sifuri.

Mimi ni Mwalimu Wahu. Nafundisha sayansi katika shule ya umma hapa Ngara, kwenye ile sekondari msingi waliyoipachika ndani ya shule ya msingi. Nina wanafunzi wa kujaza shule mbili na vifaa visivyojaza meza moja. Kwa kupimia vimiminika nina silinda moja ya plastiki, ya mililita mia moja, na mdomo wake umepasuka. Mtaala mpya unasema mwalimu abuni vifaa kutokana na mazingira yake. Waliouandika wanakaa kwenye ofisi zenye lifti. Mazingira yangu mimi ni vumbi, honi na wauza nafaka.

Basi nikabuni. Niliwaambia wanafunzi kwamba Jumatano kila anayeweza alete gorogoro ya kwao. Wengi ni watoto wa wachuuzi wa mboga na mitumba, na mikebe hiyo haikosekani majumbani. Tungeijaza maji, tuyamimine kwenye silinda na kwenye chupa za nusu lita, tuandike mililita, tuzigeuze kuwa lita, halafu sentimita za ujazo. Wangeona kwa macho yao kwamba gorogoro haibebi lita mbili kamili, na kwamba "kilo mbili" si jibu mpaka useme ni kilo mbili za kitu gani. Majibu yote ningeyaandika kwenye karatasi kubwa ya manila na kuitundika ukutani Ijumaa, siku ya wazazi.

Mwalimu mkuu, Bwana Muthama, aliipenda sana karatasi hiyo hata kabla haijaandikwa.

"Weka majina ya familia, Mwalimu Wahu," akaniambia. "Mzazi akiona jina lake ukutani, hata ukimwomba mchango hawezi kukasirika. Andika makubwa."

Nikaandika makubwa. Nilienda mwenyewe mjini baada ya masomo kununua manila na kalamu nene, nikarudi nyumbani Kangemi nikachora jedwali mezani. Majina upande wa kushoto, nafasi za namba upande wa kulia. Lilipendeza. Nilijiona mwalimu.

Kati ya majina hayo lilikuwapo la Mama Ivyne. Mama huyu, Peres, huuza nafaka kwenye kibanda kando ya soko, magunia yamekunjwa midomo, mwavuli mkubwa juu yake. Mimi ni mteja wake wa miaka. Binti yake Ivyne yuko darasani mwangu, mrefu, mkimya, sweta limempungukia mikono. Mwaka ulipoanza alikuwa haelewi vipimo kabisa. Alikuwa akisogeza nukta ya desimali upande wowote uliokuwa na nafasi. Kisha siku moja, sijui nini kilifunguka, akaelewa. Akawa anawaeleza wenzake. Niliwahi kumsikia akimwambia Ryan, "Usiongeze sifuri sababu unaipenda. Uliza kwanza, kitu imekuwa ndogo ama kubwa?" Nilitaka kumkumbatia. Mwalimu akipata mwanafunzi mmoja wa namna hiyo, anaweza kuvumilia mihula miwili ya akina Ryan.

Jumatano ikafika, na mikebe ikafika. Mingine ilikuwa na kutu, mwingine bado ulinuka mafuta ya taa, nikaukataa. Tukachota maji kwenye tangi, sakafu ikalowa, daftari za watu zikalowa, mwalimu wa Gredi ya Nne akaja kulalamikia kelele. Lakini kazi ilikwenda. Lenox, mtoto mwenye mdomo mrefu kuliko wote, akapata mililita elfu mbili na mia mbili. Kundi la dirishani wakapata elfu mbili, mia moja na themanini. Ryan akapata elfu ishirini na mbili. Nikamwangalia tu. Akafuta sifuri moja mwenyewe, na hayo nayo ni maendeleo.

"Ivyne?" nikaita, kalamu nene mkononi.

"Elfu moja mia tisa, Madam."

Nikashusha kalamu. "Rudia."

Akarudia. Alijaza mkebe hadi ukingoni, akamimina taratibu, chupa, chupa, chupa, kisha silinda, mara nyingi, akiinama macho yawe sawa na mstari kama nilivyowafundisha. Nilikuwa na haraka. Kengele ilikuwa karibu na nilikuwa na safu ya mwisho ya kujaza.

"Elfu moja mia tisa," akasema tena.

"Ivyne, mikebe ni ya aina moja. Wenzako wote wamepata elfu mbili na mia mbili, wamepishana kidogo tu. Wewe mililita mia tatu umezipeleka wapi? Umezinywa?"

Darasa likacheka. Nami nilikusudia wacheke, maana nilikuwa nimechoka na nilitaka tumalize. Lenox akasema kwa sauti, "Si mathako huuza hapo soko? Labda gorogoro yao ni ya mayouth, haijamaliza kukua."

Ivyne aliuchukua mkebe wa Lenox uliokuwa mtupu mezani, akachungulia ndani. Kisha akachungulia ndani ya wake. Akaupindua wake upande mmoja, nusu tu, akaurudisha haraka na kuuwekea kiganja juu. Nilimwona akifanya hivyo na sikuelewa nilichokuwa nakiona.

"Nimekosea, Madam," akasema. "Ni elfu mbili na mia mbili."

"Unaona sasa? Ukitulia unapata. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Nikaandika 2,200 mbele ya jina la mama yake, makubwa, kwa wino mwekundu.

Kengele ikalia, wakatoka mbio, nami nikabaki nikipanga mikebe kwenye kona ili wenyewe waichukue jioni. Nilipofika kwa ule wa Ivyne vidole vyangu vilizama chini yake. Nikaupindua. Kitako chote kilikuwa kimegongwa kuingia ndani, kimebinuka vizuri, kwa ustadi, hata rangi haikubanduka. Ukiuweka chini wima unasimama kama mikebe mingine yote. Mahali ambapo maharagwe yangekaa, chini yake, palikuwa na hewa tu.

Nilikaa kwenye dawati. Kwanza nilihisi hasira ya mteja, sitaficha. Nilikumbuka maharagwe yote niliyowahi kununua kwa Peres, ya nyayo, ya wairimu, njugu mawe za Krismasi, na kila mara mwanya ule ukienda nyumbani nami. Kisha ikaja hasira ya mwalimu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Msichana wangu alikuwa amepima sawasawa, mara mbili, mbele yangu, na mimi nikamfokea mpaka akasema uongo. Na uongo nikaupigia makofi.

Nilimwita wakati wa chakula.

"Ivyne, elfu mbili na mia mbili umeitoa wapi?"

Alitazama viatu vyake. "Aki Madam, usiandike."

"Nimeshaandika."

"Usiandike ile namba ingine."

"Ulijua kwamba mkebe umegongwa?"

"Nilijua iko hivyo. Nilidhani zote ziko hivyo." Macho yalianza kumjaa. "Mum hajui niko nayo. Niliitoa asubuhi nikidhani ataazima ya mtu. Madam, watu wa hii darasa wote mamao wananunua kwetu. Mama Lenox ananunua kwetu. Kwani lazima jina iwekwe?"

Jina, jina. Nilimlaani Bwana Muthama kimoyomoyo. Jedwali lilikuwa limeshatundikwa ofisini kwake na alikuwa amelipiga picha akalituma kwenye kikundi cha walimu. Kufuta safu nzima kungezua maswali. Kuacha 2,200 kungekuwa kutundika uongo kwenye karatasi ya sayansi, na mimi ndiye ninayewaambia watoto kila siku kwamba namba haina huruma wala undugu. Kuandika 1,900 kungekuwa kumvua nguo mwanamke mbele ya wateja wake wote, tena kwa mkono wa binti yake.

Jioni, jua likiwa bado kali, niliutia mkebe kwenye mfuko nikashuka sokoni. Njiani nilijipangia maneno, na yote yalikuwa makali.

Peres alikuwa akipimia mtu mahindi kwa mkebe wa kuazima. Aliponiona alitabasamu. "Mwalimu! Karibu sana. Leo ni nyayo ama wairimu?"

Nilingoja mteja aondoke. Kisha nikautoa mkebe, nikaupindua kitako juu, nikauweka juu ya gunia la maharagwe.

Hakushtuka. Alichoka tu usoni. "Kumbe ni wewe uko nayo. Nimeitafuta siku mzima, mpaka nikaazima ya Mama Shiku."

"Nani aliugonga?"

"Niliinunua ikiwa hivyo. Hapa kila mtu iko na yake. Hii ya Mama Shiku ipindue pia, ujionee."

"Sikuulizi habari za Mama Shiku. Mimi ni mteja wako, Mama Ivyne! Mtoto wako namfundisha mimi!"

Mama Shiku, wa kibanda cha pili, akajifanya anapanga mafungu ya dengu za kamande ambayo yalikuwa yameshapangika.

"Mwalimu, punguza sauti," akasema Peres. "Nikuulize kitu moja tu. Tangu uanze kununua hapa, kuna siku umeniletea mfuko na hujaniambia ongeza?"

Nikautazama mkebe juu ya gunia.

"Hakuna. Napima, najaza mpaka inamwagika, unasema ongeza. Naweka mkono moja, unasema, 'Mama Ivyne, hata wewe.' Naweka ya pili. Unasema ongeza na ya mtoto, na mtoto huna." Alisema hayo bila kejeli, na ndiyo maana yaliniuma. "Mimi nanunua kwa gunia. Mwenye gunia haongezi hata punje. Sasa hiyo ya kuongeza unadhani nitatoa wapi? Inatoka hapo chini," akagonga kitako cha mkebe kwa kidole. "Hiyo ndiyo ongeza yako."

"Basi kataa! Pima kwa gorogoro iliyonyooka, na mtu akisema ongeza mwambie hapana."

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Na wewe ungerudi?"

"Ningerudi," nikasema. Nilisema haraka na kwa sauti kubwa, Mama Shiku asikie.

"Haya."

"Na yule asiyeomba?" Nilikuwa nimepata pa kushika na sikuachilia. "Mtoto aliyetumwa? Mtu anayeona haya? Huyo nyongeza yake iko wapi?"

Peres akaanza kukunja mdomo wa gunia ambao ulikuwa umeshakunjwa vizuri. Jibu lilitoka nyuma yake. Ivyne alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya magunia, bado na sare, na sikuwa nimemwona.

"Hana," akasema. "Nilipima leo nikirudi, na kikombe ya dawa. Mkono moja ya Mum ni kama mililita mia moja. Wewe Madam unawekewa tatu. Elfu moja mia tisa ongeza mia tatu, kwa hivyo yako ni elfu mbili na mia mbili. Sikukudanganya kabisa kabisa." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Mama Lenox anawekewa mbili, yake ni elfu mbili na mia moja. Ile ya mtoto ametumwa ni elfu moja mia tisa. Inategemea nani amepiga kelele."

Peres alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na sijui kama ilikuwa aibu au fahari, maana uso wake haukukaa mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale na elimu yangu yote nikitafuta pa kuweka mikono. Nilikuwa nimefundisha kuzidisha na kugawanya. Sikuwa nimefundisha hayo.

"Mwalimu," Peres akasema mwishowe, taratibu, "ukiandika hiyo namba Ijumaa, huyo kijana Lenox atamwonyesha mamake na kidole. Jumamosi sina kibanda. Baba yao hayuko, unajua. Hapa ndio tunakula."

"Na mimi siwezi kuacha uongo ukutani."

"Sijakwambia uache uongo."

Niliondoka bila kununua kitu na bila kuamua kitu. Nilikasirika njia nzima hadi Kangemi, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba sikumpata mtu mmoja wa kumkasirikia.

Alhamisi asubuhi, kabla ya gwaride, Ivyne alikuwa ananingoja mlangoni pa ofisi ya walimu na mfuko. Ndani yake mlikuwa na ule mkebe. Kitako kilikuwa kimegongwa tena, safari hii kutoka ndani kwenda nje, na kimejaa makunyanzi na alama za nyundo.

"Mum ameipeleka kwa fundi wa masufuria," akasema. "Amesema upime wewe mwenyewe."

Hatukuwa na haja ya mashahidi. Tulikwenda kwenye tangi, sisi wawili tu, tukapima. Elfu mbili, mia moja na hamsini. Tukarudia, ikatoka ile ile. Gorogoro haikuwa imerudi kabisa kama ilivyozaliwa, lakini namba ilikuwa ya kweli. Nikaenda ofisini kwa Bwana Muthama, nikabandika kipande cheupe juu ya 2,200, nikaandika 2,150 juu yake.

"Kuna nini tena?" akauliza.

"Nilikosea kusoma."

"Walimu wa sayansi," akasema, akatikisa kichwa.

Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani nimeshinda: namba ilikuwa ya kweli, jina la mama wa watu lilikuwa safi, msichana wangu aliweza kuinua uso. Nilijiambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe somo la vipimo limefanya kazi nje ya daftari.

Siku ya wazazi ilipofika, karatasi ilitundikwa mlangoni pa darasa. Mama Lenox alisimama mbele yake akapita majina yote kwa kidole, akafika kwa Peres, akaendelea bila kusimama. Roho yangu ikatua. Kisha akageuka.

"Mwalimu, hapa kuna makosa. Gorogoro ni kilo mbili. Nyinyi mmeandika lita mbili nukta mbili."

"Kilo ni uzito, Mama Lenox. Lita ni ujazo. Maji yakijaa humo—"

"Lakini sisi hatununui maji."

Wazazi wengine wakaitikia kwamba kweli, hawanunui maji. Baba mmoja akasema zamani watoto walikuwa wanafundishwa vizuri, gorogoro ilikuwa inajulikana ni kilo mbili na hakukuwa na maneno. Ryan, maskini, akajaribu kunitetea. Akamwambia yule baba kwamba ni lazima kwanza aulize ni kilo mbili za nini. Baba akamwambia aache kujibizana na wakubwa. Nilitamani kumpa Ryan alama zote nilizowahi kumnyima.

Jumamosi nilikwenda sokoni. Maharagwe yalikuwa yameisha nyumbani, na zaidi ya hayo nilikuwa nimetoa ahadi mbele ya Mama Shiku.

Kipande cha boksi kilikuwa kimening'inizwa kwenye mwavuli wa Peres. Niliyajua maandishi yale, maana mimi ndiye niliyeyasahihisha mwaka mzima. KIPIMO KAMILI. LITA 2.15. HAKUNA NYONGEZA. Nukta ya desimali ilikuwa mahali pake, kubwa, imekolezwa.

Hapakuwa na mteja hata mmoja. Magunia yalikuwa yamejaa hadi midomoni, namna yanavyojaa saa za asubuhi, na ilikuwa saa nane mchana. Kwa Mama Shiku watu walikuwa wamepanga foleni. Mama Lenox alikuwa katikati ya foleni hiyo na kikapu chake. Nilimwona Mama Shiku akijaza mkebe wake, ule uliogongwa kitako, akamimina, akatia kiganja kimoja, cha pili, cha tatu, na mama aliyekuwa akinunua akacheka kwa raha, akamwambia Mungu ambariki.

"Mwalimu, karibu," akasema Peres. Alikuwa amekaa. Sijawahi kumwona amekaa Jumamosi. "Umerudi."

"Nilisema nitarudi."

"Ulisema."

Hakunilaumu, na hakuhitaji. Ivyne alisimama, akauchukua mkebe wenye makunyanzi, akachota mpaka ukajaa maharagwe ya nyayo. Kisha akatoa rula yake ya shule kwenye mfuko wa sketi akaipitisha ukingoni, taratibu, kutoka huku hadi huku, na punje zote zilizokuwa zimezidi zikarudi ndani ya gunia. Alikuwa ameinama macho yawe sawa na ukingo. Alifanya kila kitu kama nilivyomfundisha.

Akamimina kwenye mfuko wangu.

Niliutazama mfuko. Najua hesabu. Najua kwamba kilichokuwa humo kilikuwa kama kile nilichokuwa nikipewa siku zote, kasoro kidogo tu ambayo jicho haliwezi kuiona. Najua pia kwamba mtoto aliyetumwa sokoni siku hiyo angepata sawa na mimi, na kwamba hilo ndilo nililolipigania. Lakini mfuko ulionekana mdogo. Nyuma yangu Mama Shiku alikuwa anatia viganja, watu wanacheka, na mimi nilisimama pale nikahisi, kabisa kabisa, kwamba nimeibiwa.

"Ongeza basi," nikasikia nimesema. "Hata kidogo."

Peres aliangalia kando, upande wa barabara.

Ivyne aliangalia kile kipande cha boksi, akaniangalia mimi. Hakukuwa na utani usoni mwake wala ufidhuli. Alikuwa na ule uso wake wa darasani, wa mtu anayetaka kuelewa swali kabla ya kulijibu. Akauinamisha mkono wake juu ya gunia, akangoja.

"Mililita ngapi, Madam?"